Risala ya Wafanyakazi wa Kiwanda cha Magodoro: Tunaomba Njia Ibadilishwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkurugenzi na uongozi wote wa kiwanda,
Viongozi wa chama chetu cha wafanyakazi,
Wazee wetu mliostaafu mkaitikia mwito,
Wafanyakazi wenzetu wa zamu zote,

 

Risala huanza kwa kumshukuru mgeni kwa kuacha shughuli zake nyingi. Tunakushukuru kweli, Mheshimiwa, maana gari lako limeingia getini kabla ya saa tatu, na kwa foleni ya Barabara ya Nyerere hilo si jambo dogo. Lakini leo ni tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na katika kikao chetu tulikubaliana kwamba mwaka huu risala isiwe ya pongezi. Iwe ya kifua. Mimi nimeshika kalamu tu. Maneno ni ya watu wa mchanganyo, wa kisu, wa gundi, wa ghala, na akina mama wa usafi ambao ndio wa kwanza kuingia asubuhi na wa mwisho kuulizwa chochote.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu wengi hulala juu ya godoro miaka kumi bila kujua lilikotoka. Godoro la sponji huanza kama vimiminika ndani ya mapipa. Pipa moja lina polioli, mafuta mazito yasiyo na ugomvi sana na mtu. La pili lina TDI, ambayo hapa kiwandani kila mmoja anaiita tidiai. Pipa lake lina kilo 250. Ukiiona ndani ya chupa huwezi kuiogopa: ni maji maangavu yenye unjano wa mbali. Vimiminika hivi hukutana kwenye kichwa cha mtambo pamoja na maji kidogo, silikoni, kichocheo cha bati na kingine kinachoitwa amini, ambacho hakina uhusiano wowote na imani. Baada ya sekunde chache mchanganyiko hugeuka mweupe kama tui, kisha huumuka kama unga wa mandazi uliozidishiwa hamira, na dakika mbili hazijaisha sponji imefika kimo cha kifua cha mtu. Hiyo ndiyo bloku. Hulazwa bandani usiku kucha, maana tumboni mwake joto hupanda kupita nyuzi 150, na bloku iliyochanganywa vibaya inaweza kujiwasha moto yenyewe. Kesho yake kisu kinaikata.

Ni kazi nzuri kuitazama. Wageni wote hupenda kupigia picha pale. Sisi tunaosimama pale kila siku tuna habari nyingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Ugonjwa wa tidiai hauji kwa kishindo. Mwaka wa kwanza ni macho kuwasha na koo kukwaruza, na sote tunasema ni vumbi la sponji. Mwaka wa pili, au wa tatu, au wa sita, kifua kinabana. Tena mara nyingi hakibani kazini. Kinabana saa nane za usiku, mtu yuko kwake Gongo la Mboto, ameketi ukingoni mwa kitanda anaivuta hewa kama anayevuta kamba ya kisima kirefu. Kunapokucha amepata nafuu, anavaa, anarudi zamuni. Nani atahusisha kazi ya mchana na kifua cha usiku?

Mwenzetu mmoja wa mchanganyo, ambaye ametuomba tusimtaje jina, alipimwa kifua kikuu mara tatu na mara zote hana. Akapewa dawa za mzio, akapewa dawa za minyoo, akaombewa. Mama mkwe wake akashika kwamba tatizo ni paka wa jirani. Alipochukua likizo yake ya siku 28 akaenda kwao Kilosa, pumzi ilirudi yote. Akalima, akacheza bao, akasahau. Siku ya pili baada ya kurudi kazini, usiku uleule, kifua. Hapo ndipo mke wake, ambaye hakusoma kemia, alipotoa jibu ambalo hospitali hazikulitoa: ni kule kazini kwenu.

Alikuwa sahihi. Tidiai ni mmoja wa ukoo mkubwa wa kemikali ziitwazo isosianati, na ukoo huu unajulikana duniani kote kwa kuleta pumu ya kazini. Tabia yake mbaya kuliko zote ni hii: mwili ukishaikataa, haupatani nayo tena. Kiasi kidogo mno, ambacho mwaka jana hakikumfanya mtu hata akohoe, leo kinatosha kumlaza. Ndiyo maana uongozi ulipomhamishia mwenzetu ghalani haikusaidia kitu, kwa kuwa ghalani ndiko mapipa yaliko. Baadaye akaambiwa mkataba wake umekwisha. Hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa kwamba aliumwa kwa sababu ya kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, ulianza shughuli zake mwaka 2015, na mwajiri anauchangia. Lakini mfuko hauwezi kumlipa mtu ambaye jalada lake linasema mzio wa paka.

Kuna mengine. Msimamizi mmoja alikuwa akitufundisha kwamba tukisikia harufu ndipo tuvae barakoa. Hatumlaumu, naye alifundishwa hivyo. Lakini pua ya binadamu huanza kuinusa tidiai wakati imekwisha kuzidi mno kiwango cha usalama. Anayesubiri harufu amechelewa. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 uliweka kikomo kipya kwa kemikali za ukoo huu: mikrogramu 6 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8, ikihesabiwa ile sehemu ya molekuli yake yenye ukali, na ukawapa waajiri hadi mwisho wa mwaka 2028 kukifikia. Tulikaa tukapiga hesabu. Ukumbi wa mita 10 kwa 10 wenye kimo cha mita 5, kiasi chote kinachokubalika humo ndani ni miligramu 3. Huo ni uzito wa punje mbili tatu za mchanga mnene. Sisi, pipa likimwagika, tunamwaga pumba za mbao, tunafagia, tunaendelea.

Masika ya mwaka juzi maji ya mvua yaliingia kwenye pipa lililoachwa wazi, na mtu akalifunga kwa nia njema. Tidiai ikikutana na maji hutoa hewa ya kaboni dioksidi. Lile pipa lilivimba likawa na tumbo kama la mjamzito, na vibarua wawili walitumwa kulifungua kwa patasi na nyundo. Mungu aliwakinga. Lingepasuka, leo tungekuwa na risala ya aina nyingine.

Na mapipa matupu, je? Yanauzwa. Sisi wenyewe tumeyanunua, tuseme ukweli, na watu wa mtaani wanayapenda kwa sababu ni ya chuma kizuri. Yanawekwa maji ya kunywa, ya kuogeshea watoto. Pipa tupu la tidiai si tupu: linatakiwa kuoshwa kwa mchanganyiko wa magadi soda na sabuni, liachwe wazi mdomo siku kadhaa mpaka limalize kutoa hewa, kisha litobolewe ili lisiwekwe chochote tena.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tunajua jibu tutakalopewa, kwa sababu tulishapewa: vifaa vya kinga vitaongezwa. Tutavipokea. Ila tunaomba mtuelewe. Barakoa za karatasi tunazogawiwa ni za vumbi. Mvuke wa tidiai unapita kama hakuna kitu. Barakoa inayofaa ni ile inayopuliziwa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na katika joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari mtu anaivaa dakika arobaini anaivua. Kinga ya mwilini ni ya mwisho katika safu ya kinga, inafaa pale ambapo nyingine zote zimeshindikana. Hapa kwetu imekuwa ya kwanza na ya pekee. Kwa hiyo risala hii inauliza swali ambalo halijawahi kuulizwa katika kiwanda hiki: je, ni lazima sponji itengenezwe kwa njia hii?

Turudi nyuma kidogo. Njia hii ina umri. Poliyurethani, ambayo ndiyo sponji yetu, ilibuniwa mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani. Tidiai nayo ina wazazi wake. Inaanza na toluini itokayo kwenye mafuta ya petroli, inatiwa asidi ya nitriki, kisha haidrojeni, halafu hatua ya mwisho inakutanishwa na fosijini. Fosijini ni gesi inayotokana na kaboni monoksidi na klorini. Inasemekana inanuka kama majani mabichi yaliyofyekwa, na ilitumika kama silaha kwenye mahandaki ya Ulaya kuanzia 1915, ambako iliua askari wengi kuliko gesi nyingine zote za Vita Kuu ya Kwanza. Fosijini haifiki Dar es Salaam. Imetumika na kwisha kabla tidiai haijatiwa kwenye pipa. Ila kuna mfanyakazi kama sisi kule ng'ambo anayekaa nayo ukuta kwa ukuta. Sponji moja ina vifua viwili: cha kule na cha hapa.

Ukoo wa isosianati ndio uliofika Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984. Maji yaliingia kwenye tangi la kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide, na tani takriban 40 za isosianati ya methili zikatoka zikashuka juu ya mitaa ya watu waliolala. Walikufa maelfu. Hatutaki kumtisha mtu: ile ya Bhopal hugeuka mvuke kwa wepesi kuliko yetu kwa mbali sana, na hatusemi kiwanda hiki ni Bhopal. Tunaikumbusha kwa sababu ya somo ambalo mhandisi Mwingereza Trevor Kletz alilitoa. Yeye tangu mwaka 1978 alikuwa akiwaambia wenye viwanda kwamba sumu ambayo haimo kiwandani haina haja ya kuzuiwa isivuje. Baada ya Bhopal akaonyesha jambo la kushangaza: ile isosianati haikuwa malighafi wala haikuwa bidhaa. Ilikuwa kituo cha njiani tu. Vitu vilevile vitatu vya kuanzia vingeweza kukutanishwa kwa mpangilio mwingine, dawa ileile ikapatikana, na isosianati isiwepo kabisa. Kwa maneno ya jikoni, ni sawa na kuamua kipi kitangulie sufuriani.

Mwaka 1998 wanakemia wawili wa Marekani, Paul Anastas na John Warner, waliyaweka mawazo ya namna hii katika kanuni 12 za kile kinachoitwa kemia ya kijani. Tulizisoma kwa msaada wa kijana wetu mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Kati ya hizo 12, barakoa haimo hata moja.

Sasa wapo watakaosema hayo ni ya vitabuni. Tuwape mfano wa kiwandani. Polikaboneti, ile plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, kwa miaka mingi ilitengenezwa kwa fosijini, na ilionekana haina njia nyingine. Kampuni ya Asahi Kasei ya Japani ikatafuta, na mwaka 2002 kiwanda cha kwanza kwa njia yao kikaanza kazi Taiwan, kikitumia kaboni dioksidi mahali pa fosijini. Hewa ambayo wengine wanaitoa kwenye dohani kama taka.

Kwa upande wa poliyurethani yenyewe njia mpya ipo, na tutaieleza bila kuipamba. Mafuta yaliyotayarishwa, ya soya kwa mfano, hunyweshwa kaboni dioksidi kwa mgandamizo yakawa na kile kinachoitwa kaboneti za pete. Pete hizo zikikutana na amini hufunguka, zikashikana, na mshikano unaopatikana ni wa uretheni, ndugu wa ule uliomo ndani ya sponji yetu. Hakuna isosianati mwanzo wala mwisho, na fosijini haikuitwa. Mwaka 2015 tuzo ya Rais wa Marekani ya kemia ya kijani ilikwenda kwa kampuni ya Hybrid Coating Technologies na mwenzake Nanotech Industries kwa rangi na mipako ya namna hii. Kwa gundi na vizibio, kampuni ya Kaneka ya Japani imekuwa ikiuza tangu mwisho wa miaka ya 1970 polima zinazojikausha kwa unyevu wa hewa kupitia silani, bila isosianati.

Mbona basi magodoro hayajahama? Hapa ndipo penye ugumu, na hatutaki Mkurugenzi adhani tumeletewa ndoto na mtandao.

Tidiai katika mtambo wetu inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ikishikana na polioli inajenga mwili wa sponji. Ikishikana na maji inatoa ile kaboni dioksidi inayoumua. Ni saruji na hamira katika chombo kimoja, na kazi zote mbili zinakwenda sambamba, sekunde kwa sekunde, bila kuwasha moto wowote. Kaboneti za pete zinajenga vizuri lakini ni za polepole, na zenyewe haziumuki. Atakayemwaga mchanganyiko wake kwenye mkanda wetu wa leo atapata uji. Hili ndilo lililowachelewesha watu miaka mingi. Hivi karibuni watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, wamepata ufunguo: wameonyesha kwamba maji yenyewe yanaweza kuzivunja baadhi ya zile pete zikatoa kaboni dioksidi, huku nyingine zikiendelea kujenga. Yaani kazi mbili zimerudi kwenye chombo kimoja, bila tidiai. Njia yao ya kwanza ilihitaji joto la tanuri, na sponji yao haijafika kwenye godoro la futi 5 kwa 6 la inchi sita linalouzwa Kariakoo. Lakini swali limeshatoka kwenye "haiwezekani" likaingia kwenye "gharama na muda", na hayo ni maswali ambayo mwenye kiwanda anayajua kuliko sisi.

Kabla ya kufika kwenye madai, tuna neno la kusema na watu wa masoko. Tumesikia minong'ono kwamba kutatolewa godoro la "asili", la mafuta ya nyonyo. Mafuta ya nyonyo ni mazuri, na Profesa Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 2016 juu ya mengi yanayoweza kutengenezwa kwayo. Lakini nyonyo inaingia mahali pa polioli, yule asiye na ugomvi. Pipa la tidiai linabaki palepale. Godoro litaandikwa jani la kijani, na mtu wa mchanganyo ataendelea kuketi ukingoni mwa kitanda saa nane za usiku. Wala msituwekee picha zetu kwenye tangazo hilo.

Tungekuwa na la kushauri kuhusu mimea, tungesema korosho. Mtwara na Lindi zinavuna, sehemu kubwa inasafirishwa ghafi ikiwa na ganda lake, na ndani ya ganda mna mafuta makali yanayounguza mikono ya akina mama wanaobangua. Mafuta hayo yakipashwa moto hutoa kadanoli, na kadanoli tayari inauzwa duniani kwa kutengenezea vigumishi vya rangi za epoksi na vitambaa vya breki. Watafiti wamekwisha kuitengenezea hata kaboneti za pete. Tunasafirisha ganda, halafu tunaagiza pipa lenye fuvu la kichwa ubavuni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi,

Tunachodai kina haraka tofauti, na tunaomba kisichanganywe.

La wiki hii ni mapipa. Mapipa matupu yasiuzwe tena, hata kwa sisi wenyewe, hata tukiomba. Yaliyobaki uwanjani yaoshwe kama tulivyoeleza na yatobolewe. Na pale ghalani pabandikwe karatasi ya Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu wa umri wa mzee wetu wa ghala anaweza kuzisoma bila miwani, inayosema tidiai ni nini, inafanya nini kifuani, na pipa likivimba au likimwagika ifanyweje. Nchi yetu imeridhia Mkataba wa 170 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kemikali, unaompa mfanyakazi haki ya kujua anachokishika. Lebo ya Kiingereza kwa mtu wa usafi si taarifa, ni urembo wa pipa.

La miezi mitatu ni mtambo. Tidiai isimiminwe tena kwa ndoo. Ivutwe kwa pampu na bomba lililofungwa kutoka pipa hadi tangi. Handaki la kuumukia lifunikwe na liwekewe feni ya kuvuta hewa nje, na hewa ipimwe na mtu wa nje ya kiwanda, majibu yabandikwe penye saa ya kuingilia. Wafanyakazi wote, pamoja na vibarua, wapimwe pumzi kwa kile kipimo cha kupuliza: kabla ya kuanza kazi, ndani ya miezi ya kwanza, na kila mwaka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri apime afya. Kupima uzito na macho peke yake hakutoshi mahali penye isosianati. Atakayeonekana mwili wake umeanza kuikataa tidiai aondolewe mbali nayo kabisa, mshahara uleule, na taarifa yake ipelekwe kwenye Mfuko wa Fidia siku hiyohiyo.

La mwaka huu ni gundi. Hili halina hata haja ya utafiti. Gundi tunayopuliza kubandika matabaka ina kloridi ya methilini, kimiminika ambacho Marekani mwaka 2024 ilipiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi yake. Wasichana wa gundi wanatoka zamuni vichwa vinawazunguka. Gundi za maji zipo sokoni. Zinachelewa kukauka, ndiyo. Mpango wa zamu upangwe upya. Pamoja na gundi, rangi ya vitanda vya chuma kule karakana ya pili nayo inatumia kigumishi cha isosianati, na mpuliziaji anavaa leso. Ibadilishwe iwe ya aina isiyo na isosianati, maana kwa rangi njia hizo zimeshakomaa.

Kituo cha katikati tunakijua pia. Yuko ndugu wa tidiai aitwaye MDI, ambaye hatoi mvuke kirahisi katika joto la kawaida, na baadhi ya sponji laini hutengenezwa kwake. Naye anatoka kwenye fosijini, naye huleta pumu, kwa hiyo hatumkaribishi kama mkombozi. Lakini kama sehemu ya bidhaa zetu inaweza kuhamia kwake wakati tunasubiri, tunaomba hesabu zake zifanywe na tuonyeshwe.

La muda mrefu ndilo lililotufanya tuandike. Tunadai kiwanda kitenge chumba kimoja, tanuri dogo na fungu la fedha katika bajeti ya mwaka ujao, kwa ajili ya kujaribu sponji isiyo na isosianati. Kishirikiane na idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na watu wa TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda. Majaribio yaanzie kwenye mito na vikalio, si kwenye godoro zima, na watu wawili wa mchanganyo wawemo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mwanakemia anajua kinachotokea ndani ya bika lakini sisi ndio tunaojua bloku inavyolia kabla ya kupasuka. Kwako, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba ofisi yako iangalie kama mashine na malighafi za majaribio ya namna hii zinaweza kupunguziwa ushuru. Kwa sasa pipa la sumu linaingia kirahisi kuliko kipimo cha kuipimia.

Tusije tukaeleweka vibaya: hatutaki kiwanda kifungwe. Tuna watoto wanaosoma kwa mishahara hii. Bibi zetu walilala kwenye sufi na makumbi ya nazi na hawakufa, lakini hatupendekezi taifa lirudi huko. Tunapendekeza kiwanda hiki kisiwe cha mwisho kuhama.

Ndugu Mkurugenzi, wewe ulianza kazi hapa ukiwa fundi wa zamu, na wazee walioko mbele wanakumbuka ulivyokuwa ukikohoa. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 60, yanayotaja tarehe na jina la atakayesimamia kila jambo, na tunaomba yasomwe kwenye mkutano wa wafanyakazi kama risala hii ilivyosomwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yule mwenzetu wa mchanganyo amekuja leo. Ameketi nje ya geti, chini ya mwarobaini, kwa sababu humu ndani hawezi kuingia bila kubanwa. Ukitoka, tunaomba usimamishe gari umpe mkono.

Tunaomba kuwasilisha.